Kuzunguka Kano kwa baiskeli: anza na madaraja

Mara ya kwanza nilipojipangia mzunguko wa baiskeli katika Uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, nilifanya kama wafanyavyo wengi. Nilifungua ramani kwenye simu, nikachora duara safi kati ya Kisumu na Ahero, nikalala na furaha. Kesho yake duara lilikatikia mtoni. Kijia nilichokuwa nakifuata kiliishia ukingoni, na ng'ambo nikakiona kinaendelea na safari yake bila habari na mimi. Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe alinitazama, akatikisa kichwa. "Kijana, hiyo njia mto uliila tangu mvua za mwaka jana." Nikamshukuru mzee, nikageuza baiskeli, nikarudi kilomita 11 na jua la saa saba likiwa utosini.

Tangu siku hiyo sichori duara. Natafuta madaraja kwanza, kisha nayaunganisha. Hapa nitaeleza mzunguko mmoja ninaoujua vizuri, wa kilomita 60 hivi: Kisumu, Nyamasaria, Rabuor, Ahero, Ombeyi, Miwani, Mamboleo, kisha nyumbani. Ukiuelewa ulivyopangwa, unaweza kujipangia wako popote penye mito.

Kwanza ijue nchi yenyewe

Kano ni bonde bapa. Magharibi kuna Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaskazini umesimama ukuta wa vilima vya Nandi, na kusini uko mwinuko wa Nyabondo. Mito inateremka kutoka juu kwa kasi: Kibos, Ombeyi, Awach, na mkubwa wao Nyando. Ikifika kwenye uwanda inakosa mteremko, inapunguza mwendo na kutua matope iliyoyabeba. Matope yanainua sakafu ya mto, na mvua kubwa ikija maji hayana pa kwenda ila mashambani na majumbani. Ndiyo sababu utaona matuta marefu ya udongo kando ya Nyando, na ndiyo sababu ramani ya njia za hapa huzeeka upesi kuliko za mahali pengine.

Kwa mwendesha baiskeli hiyo ina maana mbili. Milima ya kukukata pumzi hakuna, kwa hiyo hata asiye na mapafu ya Eldoret atamaliza. Lakini kitu chochote kilicho karibu na maji usikiamini mpaka ukione, au uambiwe na mtu aliyepita hapo wiki hii.

Hatua ya 1: Panga kwa madaraja

Chukua karatasi, au ramani kwenye simu, na uweke alama mahali ambapo mto unavukika. Usiweke njia bado. Kisha yapange hayo maeneo kwa viwango vya uaminifu.

Cha kwanza ni daraja la barabara ya lami. Hilo utalikuta wiki ijayo. Cha pili ni kalvati na yale mavuko ya zege yaliyojengwa chini, ambayo maji yanapita juu yake wakati wa mvua: mazuri kiangazi, hatari masika. Cha tatu ni daraja la miguu, la mbao au magogo, linalotengenezwa na wanakijiji wenyewe na kuondoka na mafuriko. Cha nne ni kivuko cha ng'ombe, yaani mahali ambapo ukingo umelegezwa kwa kwato na watu wanapita majini. Daraja la reli silihesabu. Reli ya Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, bado inapitisha treni, na juu ya daraja la reli hakuna pa kukimbilia.

Sasa kanuni yenyewe: mzunguko uwe na fumbo moja tu. Kila mto utakaouvuka ukienda lazima uuvuke tena ukirudi, mahali pengine. Kwa hiyo nataka mavuko yote yawe ya kiwango cha kwanza, isipokuwa sehemu moja ambayo nimekubali kwamba huenda ikanishinda. Katika mzunguko huu, upande wa kusini unavuka mito kwenye barabara kuu ya Ahero, na upande wa kaskazini unaivuka kwenye barabara ya Miwani. Pande zote mbili zina madaraja ya kudumu. Fumbo liko katikati, kutoka Ahero kukata kwenda juu kupitia Ombeyi. Pakikushinda, hujapotea: unarudi Ahero na kushika lami ulikotoka. Lakini mtu anayeweka mafumbo matatu katika mzunguko mmoja atajikuta kati ya la pili na la tatu, mbele hakuendeki na nyuma hakutamaniki.

Ramani ninayotumia ni ile ya OpenStreetMap, kwa sababu inaonyesha vijia vya miguu ambavyo ramani nyingine hazivijui. Programu kama OsmAnd au Organic Maps zinakuwezesha kuipakua mapema, ukaitumia hata pasipo na mtandao. Tazama pia picha za setilaiti: kijia cheupe kinachofika mtoni pande zote mbili mahali pamoja ni dalili ya kivuko. Lakini picha hiyo inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo uliza. Ijumaa jioni mimi hupita kwenye steji ya bodaboda, maana watu wa boda ndio wanaojua njia kuliko chifu. Ila jifunze kuuliza. Ukisema "Hii njia inapita?" utajibiwa "Inapita," kwa sababu watu wetu hawapendi kumvunja mgeni moyo. Uliza hivi: "Wewe mwenyewe ulipita huko mara ya mwisho lini?" Kisha: "Pikipiki inapita, au ni watu wa miguu tu?" Akisema alipita juzi na abiria wawili, nenda. Akianza kutazama mbali na kusema "Huwa inapita," weka alama ya kuuliza.

Hatua ya 2: Usome udongo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibikiwa.

Sehemu kubwa ya Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi na kuwa mgumu kama saruji. Ukilowa haukuangushi kwa utelezi tu, unapanda. Unashika tairi, tairi linaokota nyasi, nyasi zinashika udongo zaidi, na baada ya mita 50 gurudumu limejaa hadi kwenye uma na halizunguki tena. Hapo hata kuisukuma baiskeli haiwezekani. Unaibeba.

Mimi niliibeba karibu kilomita 4, Aprili moja ambayo sitaisahau, nikijiambia kwamba mvua ya jana usiku ilikuwa kidogo. Nilipita nyumba moja ambapo mama alikuwa akianika mpunga kwenye turubai. Aliacha kazi, akanitazama nikija na baiskeli begani na matope hadi kifuani. "Mwanangu," akasema, "siku hizi baiskeli ndizo zinazopanda watu?" Nikacheka kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Alinipa maji ya kunywa na kijiti cha kukwangua matope, na hicho kijiti, au ndugu yake, ndicho ninachosafiri nacho mpaka leo. Bapa, urefu wa kiganja, kimefungwa chini ya kiti kwa mpira wa tyubu. Hakuna kifaa cha dukani kinachokishinda.

Kanuni zangu za udongo ni hizi. Mvua kubwa ikinyesha, ngoja siku mbili kamili za jua kabla ya kuingia udongo mweusi. Masika yakianza Machi na kuendelea hadi Mei, achana na sehemu ya katikati kabisa, tumia lami au nenda vilimani kwenye udongo mwekundu unaokauka haraka. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Julai hadi Septemba ni nzuri pia, ingawa huku kwetu mvua haikosi mwezi wa kuja kuchungulia. Oktoba hadi mwanzo wa Desemba vuli hurudi na kuchafua tena.

Ukiwa njiani na huna hakika, shuka. Chukua udongo wa katikati ya njia, uufinye, uusokote kama unavyosokota tonge. Ukivunjika, pita. Ukijikunja mviringo bila kupasuka, geuza baiskeli ungali na tairi linalozunguka.

Hatua ya 3: Chagua upande wa kuzunguka na saa ya kuanza

Watu huona kuzunguka kulia au kushoto ni mamoja. Si mamoja, na sababu ni ziwa.

Asubuhi hewa imetulia, au inavuma kidogo kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapasha uwanda joto, upepo unageuka: kuanzia karibu na adhuhuri unatoka ziwani kwenda bara, na alasiri unavuma kwa nguvu. Maana yake, ukiwa unarudi Kisumu saa nane, unarudi ukiupokea usoni. Kisha upepo huo huo wa ziwani ukigonga vilima vya Nandi unapanda na kuzaa mawingu, na ngurumo za jioni zinaanza.

Zamani nilikuwa nikienda kwa upande wa Miwani na kurudi kwa upande wa Ahero. Matokeo yake mashamba ya mpunga, ambayo hayana hata mti wa kuzuia upepo, niliyakuta saa ya upepo na jua kali. Siku hizi nazunguka kinyume cha mshale wa saa. Natoka kwa Ahero wakati hewa imelala na lami ina magari machache, nakata juu kupitia Ombeyi kabla ya saa tano, kisha narudi kwa barabara ya Miwani ambako miwa iliyosimama inakukinga upepo kama ua. Na kutoka Mamboleo hadi mjini ni mteremko, miguu ikiwa imekwisha.

Ondoka saa kumi na mbili unusu, kunapopambazuka. Kwenye lami hesabu kilomita 18 kwa saa, kwenye vijia 10 au 12. Pamoja na chai, kupotea kidogo na kuzungumza na watu, safari ni saa tano hadi sita. Ukianza saa tatu, chagua mzunguko mfupi, sio huu.

Hatua ya 4: Baiskeli na mizigo

Haraka hapa, kwa sababu watu huongea vyuma mpaka kunakucha. Baiskeli ya mlimani yenye gia zinazofanya kazi na breki mbili inatosha. Mtumba wa pale sokoni ukipita mikononi mwa fundi mzuri hauna neno. Nimepishana na wazee wa Kano wakiwa juu ya Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, gunia la mahindi nyuma, gia moja, na wakaniacha. Tairi la upana wa inchi 2 na zaidi ndilo linalofaa. Lijaze upepo wa paundi 30 hadi 35 kama una uzito wa wastani. Likijazwa kupita hapo linakurusha kwenye nyufa.

Beba tyubu mbili za akiba, viraka na sulisheni, pampu, spana zinazolingana na baiskeli yako na kiungo cha akiba cha mnyororo. Miiba ya migunga utaikuta vijiani, na visiki vya miwa iliyokatwa vimechongoka kama mkuki. Beba maji lita 3, kofia ngumu, kitambulisho, chaji ya simu, na noti ndogo ndogo za shilingi 50 na 100, maana mama wa chai hana chenji ya 1,000 saa moja asubuhi. Mkoba mdogo wa dawa usisahau. Chumvi na sukari nazibeba kwenye karatasi: vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, mtu akianza kuishiwa nguvu.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Toka mjini kwa barabara kuu inayoelekea Ahero. Hadi Nyamasaria kuna pilkapilka hata asubuhi, kwa hiyo kaa kushoto na taa ya nyuma iwe inawaka. Ukivuka daraja la Nyamasaria, punguza mwendo utazame maji chini. Nitarudia jambo hili: daraja la kwanza la siku ndilo linalokuambia usiku kulikuwaje kule vilimani. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa na yamepanda nyasi, kumenyesha juu, hata kama mjini ulilala kwenye ukavu.

Rabuor utapumzika kidogo ukitaka. Mimi napita moja kwa moja. Kipande hiki ni lami tupu na hakina utamu wowote. Matatu zinashindana na mabasi yanataka kufika Nairobi mchana. Jumapili ni bora kuliko Jumamosi. Usiwe na haya ya kushuka pembeni kwenye changarawe gari kubwa likija nyuma.

Ahero uko kilomita 20 na kitu kutoka mjini. Hapo ndipo pa kula. Kula kabla hujahisi njaa: chapati na maharagwe, au nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe unaokaa tumboni hadi mchana. Jaza chupa. Kisha, kabla ya kukata kwenda kaskazini, nenda hadi kwenye daraja la Nyando usimame dakika tano. Nyando ukiwa chini, na kingo zikionekana kavu, endelea na mpango. Ukiwa umejaa hadi kwenye majani, njia za mtoni zifute kichwani mwako leo.

Sasa ndiyo safari inaanza. Skimu ya mpunga ya Ahero inavuta maji kwa pampu kutoka Nyando na kuyasambaza kwa mifereji. Hilo ni jambo la manufaa kwako, kwa sababu kando ya kila mfereji mkubwa kuna tuta na njia ya kuhudumia mfereji, na njia hizo zimenyooka, ziko juu ya maji, na zinakutana kwa pembe za mraba. Ukipotea, fuata mfereji unaozidi kuwa mkubwa: utakupeleka kwenye pampu na mto. Ukifuata unaozidi kuwa mdogo, utaishia katikati ya shamba la mtu.

Adabu ya tuta ni hii. Mwenye mzigo ana haki ya njia. Mama mwenye gunia kichwani, mtoto mwenye mtungi, mzee mwenye jembe, wote hao wewe unashuka kwenye baiskeli, unaisogeza pembeni, unasalimu. Kwa Kijaluo, "Oyawore" ya salamu asubuhi na "Erokamano" ya shukrani ukishapishwa hufungua njia kuliko kengele yoyote. Kamwe usipite juu ya yale matuta membamba yanayogawa majaruba; ukiyabomoa umemwaga maji ya mtu. Na mpunga ukikaribia kuvunwa utasikia kelele za vijana na kuona mawe ya kombeo yakiruka. Si kwako. Wanafukuza kweleakwelea, ndege ambao kundi lake likitua shambani halibakishi kitu. Piga kengele mapema ili wakuone.

Maji ya mifereji usiyaingie kwa miguu, hata kama joto limekuzidi. Kichocho kipo katika maji yaliyotulia ya pande hizi, na hakijali kwamba ulitumbukiza mguu dakika mbili tu.

Ukishika kijia cha ukingo wa Nyando, jifunze kusoma kona. Mto ukipinda, maji yanakimbia kwa nguvu upande wa nje wa kona na kuula ukingo kwa chini. Juu unaweza kuona nyasi na kijia kizuri, kumbe chini kuna hewa. Upande huo kaa mbali na ukingo, angalau urefu wa baiskeli mbili. Upande wa ndani wa kona mto unatua mchanga. Hapo hutaanguka mtoni, lakini gurudumu la mbele litazama. Sogeza uzito nyuma, nyonga bila kusimama, usukani uuache ucheze kidogo. Utaona pia kijia kimehama, cha zamani kimelimwa na kipya kimepita nyuma ya mahindi. Fuata kipya.

Kushuka na mto kuelekea ziwani, kwenye mafunjo, sikushauri. Kuna viboko, na alfajiri na jioni ndizo saa zao za kutoka majini kula. Sisi tunaelekea juu, sio chini.

Kutoka skimu uliza njia ya Ombeyi. Huu ndio udongo mweusi niliousema, na ndilo fumbo. Kijiji kwa kijiji thibitisha: "Njia ya kwenda Miwani ni hii?" Ukivuka mkondo usio na daraja, simama kwanza. Kama huoni chini, au maji yanapita goti, au yanakimbia kiasi cha kusukuma kijiti chako, hapavukiki. Rudi Ahero, pumzika, shika lami. Nimerudi hivyo mara tatu na sijawahi kujuta, isipokuwa chapati ya pili niliyokula pale Ahero kwa hasira.

Udongo ukianza kubadilika rangi na miwa kuanza kukuzunguka, umeshinda. Jina Miwani ukilisikiliza vizuri ni "kwenye miwa", na kiwanda kilichoanzishwa hapo miaka ya 1920 ndicho cha kwanza cha sukari nchini Kenya. Njia za ndani ya miwa zinafanana zote, na miwa mirefu inakunyima hata kuona vilima. Hapa tumia dira ya simu: vilima vya Nandi viko kaskazini, kwa hiyo nenda kaskazini hadi uikute barabara. Reli ikikatiza njia, shuka, tazama pande zote, vuka kwa miguu. Ukiona moshi wa miwa inayochomwa kabla ya kuvunwa, zunguka mbali. Moto wa miwa unakimbia kuliko baiskeli. Ukikutana na mlinzi wa shamba, msalimu, mweleze unakotoka na unakokwenda. Nimeshasindikizwa na walinzi hadi barabarani, na mmoja akanipa muwa.

Ukishika barabara ya Miwani, geuka kushoto, magharibi, vilima vikiwa mkono wako wa kulia. Hatari yako sasa ni trekta zenye tela za miwa. Zinapinda bila kuashiria na miwa inaanguka. Usizifuate kwa karibu ili ujikinge upepo. Najua vijana wanafanya hivyo na nimemwona mmoja akigongwa na muwa kifuani. Barabara inapanda na kushuka kidogo kidogo hadi Mamboleo. Kutoka hapo achia, lakini breki ziwe mkononi: Kondele, mtaa wenye pilkapilka wa kuingilia mjini, haujawahi kumsubiri mtu.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Mwambie mtu mmoja nyumbani njia utakayopita na saa utakayorudi, na ukibadilisha mpango mtumie ujumbe. Wawili ni bora kuliko mmoja. Wanne ndiyo idadi ninayoipenda. Kwa kina dada wanaotaka kwenda wenyewe, Jumapili asubuhi njia za skimu huwa na watu wengi wanaokwenda kanisani, na hiyo ni kinga nzuri.

Ukiumia, namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Baiskeli ikivunjika, boda ataibeba: keti nyuma yake, baiskeli iwe begani kwako au ifungwe kwa mpira, na bei mwelewane kabla ya kupanda. Kila soko lina fundi. Fundi wa kijijini labda hatajua gia zako, lakini ringi iliyopinda atainyoosha kwa macho tu, akigusa spoki moja baada ya nyingine kama mtu anayekaza nyuzi za nyatiti.

Mizunguko mingine kwa njia hii hii

Anayeanza asiende Ahero. Apande Mamboleo, akate kuelekea Kajulu chini ya vilima, autafute Mto Kibos unapotokea kwenye mawe, kisha ateremke kurudi kupitia Kibos, ambako familia za Kihindi zilianza kulima miwa baada ya reli kufika. Ni kilomita 20 hivi, udongo mwekundu kwa sehemu kubwa, na maji ya mto hapo bado yana ubaridi wa vilimani.

Mwenye miguu ya kupanda aende Kakamega, upande wa Shinyalu na Isecheno, kando ya msitu. Huko tatizo si udongo kupanda kwenye tairi, ni mteremko mwekundu kuwa kama sabuni saa kumi jioni, maana msitu huo hupata mvua za alasiri karibu mwaka mzima. Mabonde ni mengi na kila bonde lina kijito chake, kwa hiyo madaraja utayahesabu mengi zaidi. Kuingia ndani ya msitu kuna ada. Ulizia kwenye kituo cha misitu cha Isecheno kabla ya kuingia, na uulize pia ni vijia vipi baiskeli zinaruhusiwa.

Ukirudi nyumbani osha mnyororo siku hiyo hiyo, kwa brashi ya zamani na mafuta ya taa kidogo, kabla matope meusi hayajakauka ndani ya viungo. Kisha fungua ramani ungali unakumbuka. Daraja lililoondoka, lifute. Kijia kilichohama, kichore upya; OpenStreetMap inamruhusu mtu yeyote kurekebisha. Yale magogo matatu niliyovukia mwezi uliopita karibu na Ombeyi nimeyaweka, na pembeni nimeandika tarehe.